Kushusha gari kwa pesa kidogo: hesabu iliyo chini ya madigadi

Magari mengi ya saluni yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani yakiwa yametumika, kama Toyota Mark X, Altezza na Subaru Impreza, huwafikia wamiliki wake yakiwa na pengo la wazi kati ya tairi na ukingo wa madigadi, na kwa wapenzi wengi wa magari wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam pengo hilo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kushughulikiwa. Njia za kuliondoa ni nyingi, na bei zake zimeachana mno: upande mmoja yupo fundi mwenye grenda anayekata springi kwa malipo madogo sana, na upande wa pili zipo koilova mpya, yaani shokapu na springi zilizounganishwa zenye urefu unaorekebishika, zinazomfanya mwenye gari aanze kuhesabu mishahara. Katikati ya pande hizo kuna ushauri mwingi unaopingana, na unapingana kwa sababu wengi wanaoutoa wanaangalia urefu wa gari tu, ilhali kinachotumika na kwisha gari linaposhushwa ni nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka.

Gari likiwa limesimama, kila gurudumu lina nafasi ya kwenda juu linapokutana na tuta na nafasi ya kwenda chini linapoingia shimoni. Katika saluni nyingi ndogo nafasi ya kupanda ni kama milimita 80 hadi 100, na sehemu ya mwisho ya nafasi hiyo imekaliwa na raba ya kikomo iliyovishwa kwenye fimbo ya shokapu, ambayo kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma. Ukilishusha gari milimita 50 bila kubadilisha kitu kingine, umeitumia takriban nusu ya nafasi hiyo kabla gari halijaondoka nyumbani. Barabara, hata hivyo, haijapunguza mashimo yake. Nguvu ileile ya tuta inabidi imezwe katika nafasi ndogo zaidi, na hilo linawezekana kwa springi ngumu zaidi tu. Ndiyo maana gari lililoshushwa sana na likabaki laini ni gari linalotembea juu ya raba za kikomo: dereva hulihisi kuwa gumu, akadhani ni ugumu wa springi, kumbe springi zilishamaliza kazi yake mapema na anachokisikia ni raba inayopigwa.

Kwa kuwa njia ya grenda ndiyo ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo inayotukanwa kuliko zote, inafaa ielezwe kwa hesabu badala ya kulaaniwa. Tuseme springi ya mbele ina mizunguko sita inayofanya kazi, ina urefu wa milimita 360 ikiwa nje ya gari, na inahitaji uzito wa kilo 2.5 ili iminyike milimita moja. Ikibebeshwa kilo 350 itaminyika milimita 140, na urefu wake ndani ya gari utakuwa milimita 220. Ukikata mzunguko mmoja, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, urefu wa springi ikiwa nje hupungua hadi milimita 300. La pili, springi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu uzito uleule sasa unakunja waya mfupi zaidi: ugumu hupanda kwa uwiano wa sita kwa tano, yaani asilimia 20, kufikia kilo 3 kwa milimita. Kilo 350 sasa zitaiminya milimita 117 tu, na urefu ndani ya gari utakuwa 183. Mzunguko ulioondolewa ulikuwa na urefu wa milimita 60 mezani, lakini gari limeshuka milimita 37. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni kwamba gari hushuka kwa kiasi cha urefu wa mzunguko mmoja likiwa limesimama na uzito wake wote, na kwa hiyo mtu anaweza kupima pengo hilo kwa rula, kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya unaofuata, kabla hajagusa chombo chochote.

Kanuni hiyo ina sharti kubwa, nalo linategemea mahali springi ilipokaa. Katika Impreza za vizazi viwili vya mwanzo, mbele na nyuma kuna mfumo wa strati, ambamo springi imezunguka shokapu na shokapu imefungwa karibu kabisa na gurudumu. Hapo milimita 37 za springi ni karibu milimita 37 za gari. Altezza ina mfumo wa amu mbili, yaani mikono ya chuma inayolishikilia gurudumu, mmoja juu na mwingine chini, na springi hukaa kwenye amu ya chini, ndani zaidi kuliko gurudumu. Katika mifumo ya namna hiyo springi inaweza kusogea sehemu saba tu pale gurudumu linaposogea sehemu kumi, na kwa uwiano huo milimita 37 za springi zitakuwa milimita 53 za gari. Fundi aliyezoea kukata mzunguko mmoja katika gari la strati, akirudia mkato uleule kwenye gari la amu mbili, anaweza kumrudishia mteja gari lililolala kuliko alivyoomba, na waya uliokatwa hauungiki tena.

Sharti la pili ni umbo la ncha. Springi nyingine zina ncha iliyoendelea kwa mviringo wa kawaida, ikakaa kwenye kikalio chenye mfereji wa kuipokea. Hizo hukatika na zikakaa sawa. Nyingine zina ncha iliyojikunja ikawa nyembamba au iliyolazwa bapa, na ukiikata ncha hiyo springi haina tena cha kukalia. Inakaa upande, inapinda ikibebeshwa mzigo, na huanza kulia kila usukani unapozungushwa.

Sharti la tatu linapimwa kwa jeki, na ndilo linalohusu maisha ya watu. Gari likinyanyuliwa magurudumu yakaning'inia, shokapu hufunguka hadi mwisho wake, na springi inapaswa kuwa bado imebanwa, hata kama ni kidogo. Springi ikiwa fupi kiasi cha kucheza kwa mkono wakati gurudumu linaning'inia, basi siku gari litakaporuka kwenye ukingo wa daraja springi itatoka kwenye kikalio chake, na haitarudi mahali ilipokuwa. Springi inayocheza ni springi iliyokatwa kupita kiasi, na hakuna waya wala kamba ya plastiki ya kuishikilia inayobadilisha hukumu hiyo, ingawa nimeziona zikitumika.

Kwa maoni yangu, basi, kukata springi kunaweza kukubalika pale tu ncha inaporuhusu, kiasi kinapokuwa kidogo, robo tatu za mzunguko au pungufu, na jaribio la jeki linapopita. Mkato ufanywe kwa diski ya kukatia, taratibu, chuma kikipozwa ili kisibadilike rangi, kisha ncha isuguliwe na kupakwa rangi, maana mkwaruzo ulioachwa wazi hupata kutu na ufa huanzia hapo.

Moto wa gesi ni jambo jingine kabisa. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kuchomwa tena kwa joto lililodhibitiwa. Fundi anayeielekezea springi moto wa gesi mpaka inakuwa nyekundu na gari linazama lenyewe ameufuta ugumu huo katika sehemu moja ya waya na kuuacha kwingine, kwa hiyo sehemu iliyochomwa huendelea kulegea wiki hadi wiki, upande mmoja wa gari ukilala kuliko mwingine, hadi waya unapokatika. Njia hii haina kipimo kinachoifanya iwe salama. Vibanio vya chuma vinavyofungwa kwenye mizunguko ili isifunguke viko jirani nayo: huizuia mizunguko kadhaa isifanye kazi, hulazimisha iliyobaki kubeba kila kitu, na vikiteleza safarini gari hupanda upande mmoja ghafla.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu usalama wa kazi yenyewe. Springi tuliyoitolea mfano, ikiwa imebanwa milimita 150 kwa vibanio vya kufungulia, imehifadhi nguvu inayolingana na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioangushwa kutoka urefu wa zaidi ya nusu mita, na nguvu hiyo yote hutoka kwa mara moja ikiwa kibanio kimoja kitateleza. Vibanio viwili vikae pande mbili zinazotazamana, vikazwe kwa zamu, na uso wa fundi usiwe mbele ya springi. Gari nalo likae juu ya stendi, kwa kuwa jeki ya majimaji ni ya kunyanyulia tu.

Turudi kwenye shokapu, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayoamua kama gari lililoshushwa litapendeza kuendeshwa. Springi hubeba gari; shokapu hutuliza mtikisiko wa springi. Springi ikiongezeka ugumu kwa asilimia 20 huku shokapu ikibaki ileile, uwezo wa shokapu kuituliza hupungua kwa karibu asilimia 9. Hiyo si hasara kubwa kwa shokapu mpya. Kwa shokapu iliyotembea kilomita 120,000 Japani kisha ikaja kupigwa na barabara zetu, asilimia nyingi zaidi zilishapotea kabla ya grenda kuwashwa, na matokeo yake ni gari linaloendelea kudunda baada ya kila tuta. Isitoshe, fimbo ya shokapu sasa inafanya kazi katika sehemu ya ndani zaidi kuliko ilivyozoea, na raba ya kikomo inapigwa mara nyingi. Mtu mwenye bajeti ndogo anayeniuliza pesa zake zianzie wapi hunisikia nikimjibu jambo asilolipenda: anunue shokapu nne nzuri za kiwango cha kawaida, mpya, kabla ya kitu chochote cha kushusha gari. Baada ya kuzifunga, baadhi ya wanaoniuliza hivyo hugundua kwamba walichokuwa wanakitafuta ni gari lisiloyumba, wala hawakuhitaji gari fupi.

Anayetaka kuendelea atapata thamani zaidi katika springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake. Makampuni kama Eibach na H&R ya Ujerumani, au Tein na RS-R ya Japani, huuza springi zinazoshusha gari kwa kiasi kinachojulikana, mara nyingi kati ya milimita 20 na 40, zikiwa na ugumu uliokokotolewa na ncha zinazolingana na vikalio. Ujerumani springi za namna hiyo huambatana na hati za kiufundi ambazo mkaguzi huzidai. Katika maduka ya spea za mtumba, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, springi hizo hupatikana mara kwa mara kwa bei nafuu, na springi ni kati ya spea chache ambazo mtumba wake si wa kuogopwa sana, mradi waya hauna kutu iliyochimba na ncha hazijakatwa na mtu aliyetangulia. Shokapu za mtumba ni kinyume chake, kwani uchakavu wake uko ndani na hauonekani kwa macho.

Namba ya chasisi ndiyo inayopaswa kuongoza ununuzi, kuliko jina la gari. Altezza yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita katika mstari ni GXE10, na ile yenye 3S-GE ya silinda nne ni SXE10. Uzito wa mbele hautoshani, na muuzaji akikuambia kwamba «Altezza ni Altezza» mwombe akuonyeshe namba iliyoandikwa kwenye springi. Mark X ya kizazi cha kwanza inayoendeshwa kwa magurudumu manne, GRX125, nayo isichanganywe na ndugu yake GRX120. Wenye Volkswagen Golf wana njia ya mkato iliyo halali: Golf ya kizazi cha tano yenye vifaa vya michezo ilitoka kiwandani ikiwa chini kwa milimita 15 kuliko ya kawaida, hivyo springi na shokapu zake, zikilinganishwa alama za rangi zinazoonyesha daraja la uzito, huingia bila kukata chochote. Milimita 15 ni chache kwa macho, lakini ni milimita ambazo mhandisi wa kiwanda alizikubali.

Koilova za bei ya chini zinahitaji jicho kali zaidi. Zipo za aina mbili, na tofauti yake haionekani dukani. Katika aina ya kwanza, gari hushushwa kwa kuteremsha pete inayokalia springi, na kila milimita inayoteremshwa inakula nafasi ya shokapu. Ukishuka sana, springi huanza kucheza gari linaponyanyuliwa. Katika aina ya pili, mwili mzima wa shokapu husogezwa ndani ya kikombe cha chini, na urefu hubadilika bila kugusa nafasi ya shokapu. Ya pili hugharimu zaidi, na kwa barabara zetu ndiyo yenye maana. Ukanda wa pwani una tatizo lake la ziada: chumvi na vumbi hujaa kwenye hesi, pete za alumini zikashikana na chuma, na kile kilichonunuliwa kwa sababu kinarekebishika kikawa hakirekebishiki tena.

Gari likishashuka, pembe za magurudumu hubadilika, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kila gari linapokata kona huegemea kwa kuzunguka nukta ya kufikirika inayotokana na mpangilio wa amu zake. Katika mfumo wa strati, amu ya chini huwa karibu kulala sawasawa gari likiwa katika urefu wa kiwandani. Ukilishusha sana, mwisho wa amu ulio upande wa gurudumu huwa juu kuliko ule ulio upande wa bodi, na nukta ile huanguka haraka kuliko kitovu cha uzito cha gari. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na umbali huo ndio wenzo unaolilaza gari kwenye kona. Kwa springi za ugumu uleule, Impreza iliyoshushwa milimita 60 inaweza kuegemea zaidi kuliko iliyoshushwa 25, ingawa iko chini zaidi. Wanaolishusha gari hadi chini kabisa kwa hoja ya kushika barabara wanapoteza kile wanachodai kukitafuta.

Tairi nazo zina hesabu yake. Magurudumu huinama kuelekea ndani upande wa juu, hali ambayo mafundi huiita kemba hasi, na lawama ya tairi kuisha upande wa ndani hutupiwa kemba hiyo. Mara nyingi mkosaji mkubwa ni too, yaani mwelekeo wa magurudumu mawili yakitazamwa kutoka juu, ambao hubadilika pia kwa kuwa tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, imebadilisha pembe. Tairi lenye too mbaya huburutwa kidogo kwa kila mita linayokwenda. Alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, baada ya kushusha gari, kwa hiyo, ni sehemu ya bei ya kazi, na asiyeihesabu tangu mwanzo atailipa kwa tairi mbili.

Kuna njia moja ambayo haigusi springi wala amu, nayo ni tairi lenyewe. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha takriban milimita 634, na la 195/55 R15 lina 595. Ukibadilisha, gari zima hushuka karibu milimita 20, nafasi ya shokapu na pembe za amu zikibaki kama zilivyokuwa. Gharama yake ni kwamba spidomita itasoma zaidi ya mwendo halisi kwa asilimia 6 au 7 kuliko ilivyokuwa ikisoma, rimu inakuwa na ukuta mwembamba zaidi wa kuilinda na mashimo, na pengo la madigadi, ambalo ndilo lililoanzisha safari yote, linazidi kupanuka. Kwa hiyo anayetaka mwonekano hatairidhia.

Je, gari lishuke kiasi gani? Sheria ya ukaguzi ya Japani, shaken, inadai milimita 90 kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari, lakini hicho ni kipimo cha barabara za Japani. Kwetu hesabu inaamuliwa na matuta. Tuta la mviringo la vipimo vinavyojulikana sana duniani, lenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha milimita 100, halina ubaya kama linavyoonekana: Altezza yenye mita 2.67 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, likiwa katikati ya tuta hilo, magurudumu yake yote bado yako juu ya mgongo wa tuta, na kinachoingia tumboni mwa gari ni kama milimita 52 tu. Tuta jembamba lililojengwa na wanakijiji kwa udongo na mawe, lenye kimo cha milimita 150, huingia lote. Ongeza abiria watatu wa kilo 70 kwenye kiti cha nyuma, na springi mbili za kilo 2.5 kwa milimita zitalishusha gari karibu milimita 40 nyingine. Saluni yenye milimita 150 chini yake, iliyoshushwa 30 kisha ikajaa watu, imebakiwa na kama 80 nyuma. Anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi anajua jibu lake bila kuendelea kusoma, na kwa wengine wengi naona milimita 25 hadi 30 ndiyo mpaka wa busara.

Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi, kwani mkataba wa bima unamtaka mwenye gari aeleze mabadiliko ya msingi, na barua haigharimu kitu.

Siku ya kufunga, fundi asikaze bolti za bushi za amu gari likiwa limening'inia. Bushi hizo ni raba iliyogandishwa kwenye chuma, na zikikazwa magurudumu yakiwa chini hubaki zimejipinda kila wakati gari linaposimama, zikachanika mapema. Bolti zilegezwe, gari lishushwe likae kwa uzito wake, kisha zikazwe. Lipimwe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi pande zote nne, vipimo viandikwe, na gari liendeshwe siku chache ili springi zikae sawasawa kabla ya kwenda alaimenti. Magari yenye taa za kujirekebisha zenyewe, zikiwamo Mark X nyingi, yana kitambuzi cha urefu kilichofungwa kwenye amu ya nyuma. Kisiporekebishwa taa zitaangaza mahali pasipo sahihi, na kwa gari lisilo na kitambuzi skrubu za taa zirekebishwe kwa mkono mbele ya ukuta, jioni hiyohiyo ya alaimenti.